Mpapai wa Remigius

Yuditha hakuwa mtu wa kubishana na daktari. Baridi yabisi ilipomvimbisha vidole hadi kumenya ndizi kukawa kazi ya nusu siku, alitoka kijijini kwake, Kwa Sadala, akaenda hospitali mjini Moshi, akaketi kwa adabu kusikiliza.

"Mama, kinga ya mwili wako imekugeuka," alisema Dokta Victoria, binti mdogo kuliko kitinda mimba wake. "Ndani ya viungo kuna kimeng'enya kinachokatakata protini. Kikizidi kinakula gegedu, kile kitu laini kinachozuia mifupa isisagane. Ni kama papai. Si unajua nyama ya mbuzi mzee ukiifunga kwa majani ya mpapai inavyolainika? Ndiyo hivyo."

Yuditha alijua sana. Alipokea vidonge, akarudi nyumbani na neno moja tu kichwani: papai.

Nyuma ya jiko ulisimama mpapai alioupanda mwanawe Remigius mwaka 1995, wiki aliyoondoka kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Tangu ulipoanza kuzaa, Yuditha alikula tunda lake kila asubuhi, na kila kipande alikila akimkumbuka mwanawe. Kumbe alikuwa akijimaliza! Siku tatu aliuzunguka mti ule. Siku ya nne akamwita jirani yake, Eliufoo, aje na panga.

"Mae, mama yangu, una hakika?" Eliufoo aliuliza mara mbili.

"Kata."

Mti ulipoanguka Yuditha alilia kama aliyefiwa, wala hakuona haya.

Mwezi uliofuata alimsimulia daktari kwa fahari. Dokta Victoria aliweka kalamu chini.

"Mama, ule ulikuwa mfano tu. Kimeng'enya hicho kinatengenezwa na mwili wako mwenyewe. Papai halina kosa."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na meno yake yote. Nyumbani Yuditha alikuta barua, ya kwanza tangu Pasaka. Remigius alifikiria kuja Krismasi, ila kazi ilimbana na bado alikuwa hajaamua. Chini kabisa aliuliza: "Mpapai wangu bado unazaa?"

Kwa vidole vilivyokataa kukunjika, Yuditha alishinda mchana kutwa akiandika mistari miwili: "Unazaa mpaka unaelemewa. Njoo ule mwenyewe."

Eliufoo, aliyeombwa kuipeleka barua hiyo posta, aliisoma kabla ya kufunga bahasha.

"Akija akakuta kisiki je?"

"Atanikasirikia," alisema Yuditha. "Lakini atanikasirikia akiwa hapa."