Uzinduzi wa Pili wa Chujio

Kuna ndoto za kusahau na kuna ndoto za kusimulia. Niliyoiota usiku wa jana ni ya kusimulia.

Nilikuwa dukani nanunua mkate. Nilipogeuka nikajikuta chini ya turubai la sherehe, mtaani kwa mama yangu, Bi Siwema. Viti vya plastiki vimejaa. Wanazindua chujio.

Nilishangaa kidogo, maana chujio lile lilizinduliwa zamani. Ni shimo refu kando ya barabara, kokoto chini, mchanga katikati, nyasi juu, lisafishe maji ya mvua kabla hayajafika mtoni. Siku ile tulikula pilau. Tangu hapo hakuna aliyerudi hata kulijulia hali. Tope limeganda usoni pake, na kila masika maji hukosa pa kuzama, yakaingia chumbani kwa mama.

"Itifaki imezingatiwa," anasema mshereheshaji, ambaye ni chura. "Mwenye shughuli asome risala."

Chujio linasimama. Linakohoa, linatema kizibo cha soda.

"Ndugu mgeni rasmi," linasema, "watu hawa wakisikia usafi wana udhuru, wakisikia uzinduzi wanawahi viti. Ndiyo maana nimejizindua tena."

Mgeni rasmi ni Mvua. Yuko meza kuu, kavaa suti ya kijivu.

"Risala ikiisha nitasimama nikate utepe," ananinong'oneza. "Nami nikisimama namwagika. Sijui kusimama kwingine."

Mama yuko mstari wa mbele, amelala kitandani kwake. Miguu yake siku hizi haimbebi. Niliogopa, sifichi.

"Mwanangu, kamati ya chujio iko wapi?"

"Imekwenda kwenye uzinduzi mwingine, mama."

"Basi shika koleo wewe. Mimi kuogelea sikufundishwa."

Nashika koleo. Nauliza chujio nianzie wapi.

"Usoni tu, kina cha vidole viwili," linasema. "Usinichimbe, mchanga wangu bado mzima. Kinachoniua ni huo ukoko wa juu."

Naparua. Chujio linavuta risala makusudi. Linamshukuru dereva aliyeleta kokoto, linamshukuru na mjomba wa dereva. Chura analikonyeza lifupishe. Linajifanya halioni.

Turubai limekuwa dari ya chumba cha mama. Nyasi ziko sakafuni, na ukoko umebaki kipande kimoja, chini ya kitanda. Napiga magoti.

"Kwa hayo machache," linasema chujio, na sauti imelikauka.

Mvua anasimama.

Maji yananipita kiunoni, yanagusa godoro. Mama ananitazama tu. Nakwangua kile kipande cha mwisho, na mchanga chini yangu unashusha pumzi ndefu. Kisha unaanza kunywa.

Niliamka mvua ikipiga bati. Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Maji yameingia?"

"Marahaba. Hayakuingia, yameishia kwenye nyasi. Chujio limeparuliwa lote, naliona dirishani. Ila wewe unapitaje mlangoni kwangu bila hodi?"

"Mama, mimi niko huku Makambako."

"Usinidanganye. Tope limetupwa lote kushoto, kama alivyokuwa akitupa marehemu baba yako. Nani mwingine hutupa hivyo?"

Nikaihamishia simu mkono wa kushoto, kwa sababu kiganja cha kulia kilikuwa na lengelenge, bado bichi.