Ndugu wa Kola

Mlinzi wa wodi alituuliza jambo moja tu. Nilimsoma midomo: "Nyinyi ni ndugu wa mgonjwa?"

Tulikuwa mafundi cherehani wa karakana moja, viziwi sote. Mgonjwa tulimwita Kola, kwa sababu hakuna aliyeshona kola ya shati ikakaa vizuri kama yake. Jina lake la nyumbani sikulijua mpaka siku hiyo. Mimi masikio yangu yalizibwa na homa nikiwa tayari najua kusema, kwa hiyo nikajibu kwa sauti yangu, ambayo wanaosikia husema inakwaruza: "Tunafanya naye kazi."

"Ndugu tu," akasema, akafunga mlango.

Mama Pasi, mpiga pasi wetu, alimtukana kwa mikono yote miwili. Bahati yetu mlinzi hakuambulia kitu.

Na ndani ndugu walikuwepo wa kutosha: mama yake, kaka, mashangazi, mpaka shemeji wa mbali. Watu wema, siwasemi vibaya, walilala sakafuni kumuuguza. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kujifunza lugha yetu. Nyumbani Kola alionyeshwa sahani, maana yake njoo ule. Akionyeshwa kitanda, ndiyo kalale. Wakamwita mpole. Mpole! Kwetu alikuwa mbea wa kupindukia, anawasengenya wateja huku wamesimama mbele yake wakipimwa, na sisi tunauma midomo tusicheke.

Tulirudi wodini tena na tena, na jibu likawa lilelile. Kisha akafa. Mazishini tulisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyetuuliza sisi ni nani.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja karakanani. Nikampa kiti cha Kola, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi.

"Mwanangu," alianza taratibu, ili nimsome. "Alikuwa anachomoa dripu. Muuguzi akasema tumfunge mikono kitandani kwa bandeji, asijiumize. Tukakubali."

Damu ilinichemka. Kumfunga kiziwi mikono ni kumziba mdomo. Nilitaka kumwambia hivyohivyo, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Lakini vidole vilibaki huru," akaendelea. "Mpaka mwisho alikuwa anafanya hivi. Walisema ni mishipa tu inacheza. Mimi moyo umekataa. Nimevishika kichwani nisivisahau, usingizi wenyewe sipati. Niambie, mwanangu, alikuwa anasema nini?"

Akanionyesha. Alikusanya vidole, akavifungua ghafla kuelekea chini, akavikusanya tena.

Kila karakana ina alama zake, ambazo hata viziwi wengine hawazijui. Hii ilikuwa yetu. Ilitokana na Mama Pasi, anavyorushia kitambaa matone kwa vidole kabla ya kupiga pasi. Maji. Kola alikuwa anaomba maji.

"Alikuwa anakunywa?" nikauliza.

"Kwa mdomo hatukumpa kitu. Si dripu ilikuwepo?"

Mama Pasi alikuwa ameuona ule mkono. Alijifunika uso kwa aproni, akageukia ukutani. Mimi hasira yangu ilikuwa palepale, tayari, na neno moja lingetosha. Nilimtazama yule mama, macho yamemvimba, mkono bado ameuinua mbele yangu akiogopa kuushusha asije akaikosea ile alama. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia.

"Alikuwa anakuita," nikasema. "Hiyo ni 'mama'."

Alilia sana, kisha akacheka huku analia. Akaniomba nimrekebishe vidole, afanye sawasawa kama mwanawe. Nikamrekebisha. Alipoondoka nilikaa kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi.

Mama Pasi hajanisamehe. Anasema Kola alisema neno moja la mwisho, na mimi, mtu wake, nimemnyang'anya.

Siku hizi nikikutana na yule mama njiani, hata kabla ya salamu, hunyanyua mkono kwa fahari, akijiita mwenyewe kwa lugha yetu: maji, maji. Kisha husimama akinitazama vidole. Nami nanyanyua wangu, namrudishia, maana anasubiri kuitwa.