Nyuki wa Shavu la Kushoto

Kila siku saa nne asubuhi, chai ilipofika ofisini Mtumba, Dodoma, Mwanahawa aliinama na asali ikamdondoka kutoka tundu la kushoto la pua. Wenzake walikwishazoea. Anna wa masjala alitega kikombe chake hata kabla ya kusalimia.

"Leo ina ukakasi, shoga yangu," alisema. "Hao nyuki wako wamekula nini?"

Walikuwa wale nyuki wadogo wasiouma. Walihamia shavuni mwa Mwanahawa miaka mingi baada ya Daktari Ebenezer kumkata taya la juu, kulisogeza mbele na kulikaza kwa skrubu. Meno yalikutana, sura ikapendeza, picha yake ikatundikwa ukutani kliniki. Kisha, wakati kila mtu amekwisha kusahau, shavu likaanza kuuma na pua ikaacha kunusa. Mvua ya kwanza iliponyesha Nzuguni, majirani walitoka kuvuta harufu ya udongo, naye akasimama nao kama mtu aliyefunga saumu akaalikwa karamu mchana. Hilo lilimuuma kuliko shavu.

Kliniki walimwambia ni vumbi la Dodoma. Alirudi, wakamwambia ni vumbi tena. Safari ya tatu Daktari Ebenezer mwenyewe alimmulika puani.

"Shikamoo, daktari. Skrubu imelegea, naisikia nikitafuna. Naomba uitoe."

"Marahaba, mwanangu." Aliiona skrubu, imechungulia ndani ya uwazi wa shavu, na masega yameizunguka. Akazima tochi. "Nyuki hawahamii nyumba mbovu. Kazi yangu ilikuwa safi."

Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Lakini naumwa, daktari. Sinusi chochote."

"Hayo ni mafua sugu. Dawa yake asali mbichi ya nyuki wadogo, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Tukiitoa skrubu, asali utaipata wapi?"

Nesi akaleta chupa. Mwanahawa akainama chini ya picha yake mwenyewe, ile inayotabasamu, machozi yakimlengalenga, mpaka chupa ikajaa. Nesi akampa kijiko chake cha asubuhi, akakilamba. Kilichobaki kilikuwa cha wagonjwa wengine, na kidogo cha chai ya daktari.

Kabla ya kuifunga chupa, nesi aliinusa.

"Ee dada, una bahati," alisema. "Inanukia mvua ya kwanza."