Punje za King'ora

Siku ya zoezi la kinu, Kayo alikuwa mtaa wa juu, uani kwa Mzee Minamide, anakata vitunguu vya supu. Macho hayakumwasha. Vitunguu vya mji wao wa Hamanishi havina ukali, Japani nzima inavijua kwa utamu. Kila vuli chuo kikuu kinapofanya zoezi la dharura la kinu chake cha nyuklia, akina mama wa mtaa wa juu hupika supu ya nguruwe na figili. Watu hujifungia ndani king'ora kinapolia, kisha hutoka kwa utaratibu mpaka uwanja wa shule, na huko kila mmoja hupewa bakuli lake. Wapo wanaofika uwanjani kabla king'ora hakijalia, wasije wakakuta nyama imeisha.

Kinu chenyewe ni kidogo, hakitoi hata umeme. Ni cha wanafunzi na utafiti wao. Watu wa pale hukizungumzia kama mbwa wa jirani: hajawahi kuuma mtu, lakini geti lifungwe.

Kayo si mtu wa mtaa wa juu. Anakaa mtaa wa chini, ng'ambo ya mfereji, kwenye safu ya nyumba kuukuu nyuma ya kiwanda cha taulo anakofanya kazi. Mwaka ule aliitwa kwa sababu mikono ya kumenya ilipungua. Nyumbani alimwacha bibi yake, Tome, amekaa dirishani. Bibi alipigwa kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havimtii tena.

"Bibi, king'ora kikilia usishtuke. Ni zoezi tu."

"Nishtuke niende wapi?" bibi alimjibu.

King'ora kikalia. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kwenye vipaza sauti vya juu ya nguzo, taratibu kama mtu anayesoma bei za samaki. "Hili ni zoezi. Ingieni ndani. Fungeni madirisha. Zimeni feni. Subirini maelekezo." Ikapita juu ya mapaa, ikapita juu ya mashamba ya vitunguu, ikafika kwenye mfereji, ikaanguka.

Ilianguka punje punje, kama soya iliyokaangwa, rangi ya kijivu. Zote ziliangukia ukingo wa mtaa wa juu. Hata moja haikudondokea majini.

Mzee Minamide, mwenyekiti wa mtaa, alichungulia kutoka uani, akashika kiuno.

"Haya. Nani atafagia?"

Wakamwangalia Kayo, maana ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Akachukua ufagio. Punje ya kwanza aliyoikanyaga ilipasuka chini ya kandambili ikasema, "Fungeni." Ya pili ikasema, "Feni." Kila punje ilikuwa na neno lake. Mzee Minamide naye akaja kuona, akakanyaga moja, ikasema, "Subirini," na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, akasimama pale pale akasubiri, mpaka mkewe alipomwita akoleze moto.

Kayo aliinua macho akatazama ng'ambo. Mtaa wa chini, mwanamke alikuwa anaanika mashuka, hakugeuka. Mashine za kiwanda zilikuwa zinanguruma. Kwenye dirisha la nyumba yao kilionekana kichwa cheupe cha bibi, na dirisha lilikuwa wazi.

Ufagio ukawa mzito mkononi.

Siku zote Kayo alikuwa na hesabu yake kichwani, na hakuwahi kumwambia mtu. Siku kinu kikiharibika, king'ora kitalia. Akikisikia atatoka kiwandani mbio, atamfunga bibi mgongoni, atashika barabara ya pwani kabla haijajaa magari. Hesabu yote ilining'inia kwenye king'ora, kama koti linavyoning'inia kwenye msumari. Sasa msumari alikuwa anaufagia.

Jioni alimletea bibi supu kwenye bakuli lenye kifuniko.

"Ulisikia chochote?"

"Nimesikia tumbo langu. Kwani zoezi liliahirishwa?"

Kesho yake aliomba ruhusa kiwandani akaenda chuoni na punje chache ndani ya kitambaa. Profesa Hamuro, msimamizi wa usalama wa kinu, alimpokea vizuri. Alimtilia chai kwa mkono wake mwenyewe. Ukutani kwake palikuwa na ramani ya mji, na juu ya ramani duara lililochorwa kwa bikari, kinu kikiwa katikati. Alichukua punje moja, akaiminya kwa vidole. "Ndani," ikasema.

"Zimeangukia wapi?"

Kayo akaonyesha. Mstari wa duara ulipita juu ya mfereji.

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, Profesa."

Profesa akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa mtoto amefaulu. "Tulikuwa na wasiwasi kwamba sauti inapitiliza. Kumbe inajua mpaka wake."

"Na sisi wa ng'ambo?"

"Ninyi mko nje ya mpango wa dharura."

"Ni mfereji tu, Profesa. Watoto wanauruka."

"Watoto wanauruka, dada. Mpango hauruki."

Kayo alizungusha kikombe mikononi. "Na hewa ikichafuka, itasimama mferejini?"

"Hilo tumelipima kwa makini," alisema Profesa, akaangalia ramani, wala hakusema walipata nini. Kisha uso ukamchangamka. "Wimbo wa saa kumi na moja jioni, mnausikia huko kwenu?"

"Tunausikia."

"Vizuri?"

"Vizuri."

"Basi! Vipaza sauti ni vilevile."

Na hilo ndilo lililompa kila mtu usingizi. Kila jioni vipaza sauti vya mji hupiga wimbo wa kuwaita watoto warudi nyumbani, na kazi yake nyingine ni kupima kama vipaza sauti ni vizima. Wimbo ulikuwa unavuka mfereji bila shida. Mtaa wa chini waliusikia tangu utotoni mwao, wakafuma taulo na kukosha mchele kwa mdundo wake, wakajua wakipata wimbo watapata na king'ora. Lakini wimbo ulikuwa wa ofisi ya mji, na ofisi ya mji haikuwa na duara. King'ora kilikuwa cha mpango.

Profesa alimfungashia vikeki alivyoleta kutoka safarini, akamsindikiza mpaka getini, akainama sana.

Aliyelipatia jambo dawa, kama ni dawa, ni mama Fusae wa nyumba ya mwisho. Mtaa wa chini wana kibao cha zamu. Kikining'inizwa mlangoni kwako, wiki ile ni wewe unayefagia mahali pa takataka na kufukuza kunguru, na wiki ikiisha unakipeleka kwa jirani. Mama Fusae alisema mwenye kibao aangalie na mfereji.

"Kunguru, king'ora, yote ni kufagia," alisema. "Punje zikianguka, vuka daraja ukanyage. Usihangaike na hizo ingieni-fungeni, hizo zipo kila mara. Tafuta punje moja tu, inayosema zoezi. Ukiipata, rudi ukapike. Usipoipata, piga sufuria."

"Na mwenye zamu akiwa kiwandani?" Kayo aliuliza.

"Mama yangu, nimekupa kibao, unataka nikupe na pacha?"

Wakacheka. Kayo alicheka pia, lakini usiku ule aliitoa kabatini mbeleko ya zamani, ile ambayo bibi alimbebea yeye alipokuwa mchanga, akapima kama inazunguka viuno viwili.

"Unanipima jeneza?" bibi akauliza kutoka kitandani.

"Napima mbeleko."

"Afadhali. Jeneza lina kona."

Vuli iliyofuata punje zikaanguka tena palepale. Aliyekuwa na kibao alivuka, akakanyaga, akapata neno, akarudi. Profesa Hamuro alikuja na wageni wa kutoka mbali kuona. Walikipiga picha kibao kwa mbele na kwa nyuma. Profesa aliwaeleza wageni kwamba wakazi wa mtaa wa chini wanajitegemea kwa namna ya kupigiwa mfano, na kwa hiyo mpango hauna haja ya kubadilishwa. Mgeni mmoja aliomba punje za kwenda nazo kwao. Mama Fusae akamjazia mfuko.

Duara likabaki lilivyokuwa.

Kibao kilirudi mlangoni kwa Kayo wakati wa kung'oa vitunguu, mvua za Juni bado hazijaanza. Siku hiyo wimbo wa saa kumi na moja ulikuja kama kawaida, ukapita juu ya paa, watoto wakaanza kurudi. Kayo alikuwa ametoka kazini, anamchania bibi nywele dirishani. Wimbo ulipokwisha, alitazama mfereji kwa mazoea tu.

Punje zilikuwa zinaanguka.

Alinusa. Hakukuwa na harufu ya supu. Vuli ilikuwa mbali.

"Bibi, njoo mgongoni."

"Si ukasome kwanza?"

"Nikisoma nikakuta ni kweli, sitawahi kukurudia."

Akachuchumaa, akamfunga kwa mbeleko, akasimama kwa kushika nguzo ya mlango. Bibi alikuwa mzito kama magunia yaliyonyeshewa. Barabara ya pwani ilikuwa kushoto. Daraja lilikuwa kulia, upande wa kinu. Ili wajue kama wakimbie, ilibidi kwanza wasogee karibu. Kayo akashika kulia. Mama Fusae alikuwa mlangoni kwake, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, anamwangalia.

Ng'ambo ya daraja madirisha yalikuwa yanafungwa, moja baada ya jingine, bila haraka. Njiani hapakuwa na mtu. Kayo alisimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti.

"Mzee Minamide! Ni zoezi?"

Mzee alitokea nyuma ya kioo. Alionyesha dirisha kwa kidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko: haliruhusiwi kufunguliwa. Midomo yake ilisema kitu kirefu. Kayo hakusikia. Mzee akainama kwa adabu, akavuta pazia.

Kayo alirudi ukingoni. Punje zilikuwa zimejaa, zinafanana zote, na nyingine zilikuwa bado zinadondoka zikimpiga mabegani. Akakanyaga.

"Ingieni."

Akakanyaga nyingine. "Fungeni." Nyingine. "Madirisha." Upepo ulikuwa unatoka mtaa wa juu kwenda mtaa wa chini, unapeperusha nywele nyeupe za bibi ambazo hazikuwa zimemalizwa kuchanwa, zinamwingia Kayo mdomoni.

"Subirini," punje ikasema.

"Bado?" bibi akauliza sikioni mwake.

"Bado."

Ng'ambo mama Fusae alikuwa ameinua mwiko juu ya sufuria, ameushikilia hapo hapo. Bibi Tome akajikaza mgongoni, akamshika mjukuu wake shingoni kwa ule mkono wake mzima.

"Kanyaga nyingine," akasema.