Dobi wa Kiwanda cha Rangi

Dobi wa kiwanda cha rangi alikuwa na ulimi mkali, lakini leo mbele ya daktari wa kiwanda aliongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Alimwekea mezani karatasi yenye majina tisa. Wote walikuwa watu wa chumba cha kuchanganyia poda, na wote walikuwa wanatetemeka mikono. Jina la mwisho lilikuwa la mdogo wake, ambaye siku hizi analishwa na mkewe kwa kijiko.

"Dada, hesabu yako sikatai," daktari alisema. "Ila wanavaa barakoa, wanavaa glavu. Hiyo poda inawaingiaje mwilini? Nionyeshe njia. Bila njia, hii ni sadfa tu."

"Moshi huu hapa, daktari. Mpaka nikuletee na kiberiti kilichowasha moto?"

"Ndiyo sayansi, dada."

Hasira zilimpanda, zikakosa pa kwenda, zikashuka zenyewe. Alinyoosha mkono achukue karatasi yake. Ikamchezacheza vidoleni kama jani.

Daktari aliona. "Wewe umewahi kuingia chumba kile?"

"Hata siku moja. Mimi nazikung'uta nguo zao, nazifua, basi. Vumbi la poda hiyo ndilo ninalovuta..."

Akaitazama karatasi ikimcheza mkononi. Daktari akaivuta karatasi kwake. Akachukua kalamu, akaandika jina la kumi, la dobi mwenyewe.

"Haya," dobi alisema, "kiberiti chako hicho."

Aliukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto ili autulize, na wa kushoto nao ukawa unatetemeka.