Mkanda wa Gari la Suti

Gari la Suti nililijua kwa pedali. Mpira wa breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa, kiti cha dereva kimebonyea kama godoro la bweni, usukani umesuguliwa ukawa laini. Halafu ukitazama dashibodi unasoma kilometa elfu themanini na kitu. Nimepita gereji nyingi, sikukaa katika yoyote zaidi ya miaka miwili, na sijaona mguu wa binadamu ukila mpira namna ile kwa elfu themanini.

"Sema kweli, bwana mkubwa," nilimwambia siku ya kwanza. "Hili limetembea kiasi gani?"

Alicheka, akatazama kwanza mlangoni. "Laki tatu na arobaini. Yaishie hapa hapa, mzee wangu."

Tulimwita Suti kwa sababu hata jua liwake vipi, koti halimtoki mwilini. Aliuza dawa za mifugo, na wateja wake walikuwa mbali. Kampuni haikumpa gari. Ilimpa posho ya gari kila mwezi, anunue lake, alihudumie mwenyewe. Masharti yalikuwa mawili: gari lisizidi kilometa laki moja na nusu, na kila kazi ya gereji risiti yake ifike ofisini. Suti akanunua kuukuu, akamtafuta mtu wa kurudisha nyuma namba za kilometa, na posho iliyobaki ikawa mabati ya nyumba. Mkewe aliamini wamepata gari changa. Alilipenda, alilifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe.

Sikumhukumu. Watu wanajenga kwa mbinu wanazozijua. Kilichoninyima raha ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya vyuma vya ndani ya injini vizunguke pamoja. Ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Ukikatika, injini inazima papo hapo, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu kama jiwe.

"Tuubadilishe," nikamwambia.

"Risiti ya mkanda kwenye elfu themanini? Watauliza. Huo hubadilishwa laki moja."

"Nitakufanyia bila risiti."

"Na mtu wa ofisini akinikuta hapa gari limefunguliwa tumbo? Mwezi ujao, mzee."

Mwezi ujao ulikuja mara tatu.

Alhamisi moja asubuhi akaja na mkaguzi wa kampuni. Mtu mnene, mpole, anaongea taratibu kama daktari anayetafuta mshipa. Alilizunguka gari huku akiimba puani. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akakaa pale kwenye pedali muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Una mguu mzito, ndugu yangu."

"Mguu wa kulelewa bila viatu, mkuu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Hapo ndipo mke wa Suti akaingia, amemshika mama yake mzazi mkono. Mama alikuwa na kitambaa cheupe machoni. Walikuwa wanamngoja daktari wa macho wa mji wa bondeni tangu mwaka uliopita, na siku yao ilikuwa hiyo.

"Nyie wanaume bado mnalitongoza gari tu?" akasema. "Baba watoto, funguo. Tukichelewa nafasi ya mama inakwenda kwa mwingine."

Kwenda bondeni ni kushuka mlima. Kona ishirini na kitu, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hewa.

Nikasema, "Shemeji, niachie saa mbili tu. Nibadilishe mkanda ndipo uende."

Mkaguzi akaacha kuimba. "Mkanda gani, fundi?"

"Wa taimingi."

"Kwenye elfu themanini?" Hakunitazama mimi. Alimtazama Suti, anatabasamu. "Unahitaji kubadilishwa, ndugu yangu?"

Jasho lilikuwa limeloanisha ukosi wa lile koti. Mkewe naye akamtazama. Hata mama mkwe aligeuza uso kuelekea alipodhani mkwewe amesimama.

"Hauhitaji," akasema Suti. "Mzee huyu anatafuta kazi tu."

"Usimseme fundi wangu," mkewe akacheka, akachukua funguo. "Siku nyingine, fundi. Leo niombee foleni iwe fupi."

Ningeweza kusimama mbele ya gari. Nililifikiria hilo, na nikalifikiria mpaka gari likatoka getini.

Mkaguzi hakuwa na haraka. Akatoa fomu, Suti akatia sahihi kwamba namba iliyo kwenye dashibodi ni ya kweli. Akaomba maji ya kunywa. Akasimulia habari za mtumishi mmoja aliyefukuzwa kwa udanganyifu, mtu mzuri sana, ana watoto wanne. Dakika ishirini nzima. Suti aliitikia kila neno kwa kichwa huku kidole kikigonga simu ndani ya mfuko.

Gari la mkaguzi lilipopinda kona, Suti akampigia mkewe. Aliweka spika, nami nikasikia.

"Haloo, nani? Mimi sioni jina," akajibu mama mkwe.

"Mama, mwambie asimame! Asimame sasa hivi!"

"Mwanangu, mumeo anasema usimame..." Kisha akaturudia sisi. "Anasema hawezi hapa, tumeshaanza kushuka, kuna kona."

"Laki tatu na arobaini!" Suti akapaza sauti. "Gari lina laki tatu na arobaini!"

"Laki tatu za nini tena?"

Tukasikia injini ikinguruma kwa mbali, kisha hatukuisikia. Ulibaki upepo na matairi.

"Mbona kimya?" mama mkwe akauliza.

Nikamnyang'anya Suti simu. "Mama, weka simu karibu naye. Shemeji! Breki usiipigepige. Kanyaga mara moja, kwa miguu yote miwili, usiachie! Vuta handibreki kidogo kidogo. Lielekeze kwenye udongo, upande wa mlima. Lisugue ukuta!"

Alipiga kelele moja, ya mtu anayenyanyua mzigo. Kisha chuma kikisaga udongo na mawe, muda mrefu, kisha kishindo. Suti alikuwa amekaa chini kwenye oili na koti lake.

Nikaita mara tatu.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya mama mkwe, imekauka. "Bado upo?"

"Nipo, mama. Mko wazima?"

"Mimi mzima. Mwanangu mkono wake umevunjika, anapumua, anaongea. Ananiambia nikuulize. Huo mkanda mlijua tangu lini kwamba ni mbovu?"

Suti alinyoosha mkono kutoka pale chini, anataka simu. Sikumpa.

"Miezi mitatu, mama," nikasema. "Mimi na yeye."