Kilobaiti Sita

Ofisini walimbandika jina la Nakshi, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kuchora tovuti, na hakuna tovuti iliyowahi kutoka mkononi mwake ikiwa uchi. Herufi zilielea, picha zilijibadilisha zenyewe, rangi zilipishana kama mapazia ya ukumbi wa arusi. Aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya hospitali kuu: ukiifungua unakaribishwa na video ya jengo iliyopigwa kutoka angani, halafu wauguzi wanatabasamu mmoja mmoja. Mkuu wa mawasiliano wa hospitali aliipenda mno. Kila mgeni wake alionyeshwa.

Jumanne moja asubuhi Nakshi alimpeleka mama yake mkubwa hospitalini hapo. Mama mkubwa ndiye aliyemlea tangu akiwa msichana mdogo. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilimbidi akae saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu. Walipofika getini walikuta umati, na mlinzi amesimama juu ya kiti anapaza sauti. Bomba kubwa la maji limepasuka. Bila maji mashine hazifanyi kazi. Wagonjwa waende vituo vingine vyenye nafasi.

"Vituo vipi?" watu wakamrukia.

"Vimeandikwa kwenye tovuti. Angalieni tovuti!"

Nakshi akatoa simu kwa madaha. Akabonyeza. Mtandao wa pale getini siku zote ulikuwa wa kusuasua, na asubuhi ile kila mtu alikuwa ameinamia simu yake. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo cheupe. Kikazunguka, kikazunguka.

"Bado?" aliuliza mama mkubwa. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu imevimba mpaka kamba za viatu zimefunguliwa.

"Inafunguka, mama. Subiri kidogo."

"Si wewe uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi iambie mimi ni mama yako."

Mzee mmoja pembeni akacheka. Nakshi hakucheka. Hatimaye nusu ya picha ya jengo ikatokea, paa tu, kisha dirisha dogo likajitokeza mbele yake likimwomba anwani yake ya barua pepe. Akatafuta pa kulifungia, asipaone. Na yeye ndiye aliyeliweka.

Hapo akasikia mwanamke mwenye simu ya kioo kilichopasuka akisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma majina ya wanafunzi. "Zahanati ya mtaa wa juu, nafasi mbili, waje kabla ya saa tano. Kituo cha karibu na stendi, nafasi moja. Kituo cha kanisani, kimejaa, wasiende."

"Dada, umeyapata wapi hayo?" Nakshi aliuliza.

"Kwa Sista wa zahanati ya mtaa wa juu. Ana ukurasa wake. Ule haukuangushi."

Alimwonyesha. Maandishi meusi juu ya weupe: majina ya vituo, idadi ya nafasi, namba ya simu ya kila kituo, na juu kabisa mstari mmoja: *Nimepiga simu kote leo saa mbili na nusu.* Nakshi akaandika anwani ile kwenye simu yake mwenyewe, pale pale kwenye mtandao ule ule mbovu. Kabla hajainua kidole, ukurasa ulikuwa umeshafunguka.

Wakachukua teksi hadi zahanati ya mtaa wa juu. Saa nne na robo mama mkubwa alikuwa kwenye mashine, blanketi magotini.

Nakshi alipokwisha kushusha pumzi, tabia ya kazi yake ikamshika. Akaupima ukurasa ule una data kiasi gani. Kilobaiti sita. Akaipima tovuti yake ya hospitali: megabaiti kumi na moja, karibu mara elfu mbili. Akarudia kupima akidhani amekosea.

Sista alikuwa mwanamke mnene, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anaandika shinikizo la damu la wagonjwa kwenye daftari. Nakshi akamsalimia, akamwuliza nani alimtengenezea ule ukurasa.

"Mwenyewe. Nilijifunza kwenye kitabu cha kuazima. Kurasa za nyuma zilikuwa zimechanika, ndiyo maana najua ya mwanzo tu." Akacheka, tumbo likatikisika.

"Na kwa nini hukuweka hata picha moja?"

"Niliweka. Figo mbili, nyekundu, nzuri kweli. Kisha nikaijaribu kwa hii." Akavuta droo, akatoa simu kuukuu iliyofungwa kwa mpira. "Mgonjwa wangu mmoja aliniachia alipohamia kwa mwanawe. Ikifunguka humu, itafunguka kwa kila mtu. Figo ziligoma, nikaziondoa. Mgonjwa figo anazo zake, mwanangu, na zinamsumbua vya kutosha."

Nakshi akaishika ile simu. Miaka saba alikuwa akijaribu kazi zake kwenye kompyuta ya ofisini, kioo kipana kama meza, mtandao wa kasi ya upepo. Hakuwahi kukumbuka mtu aliyesimama juani na miguu imevimba. Akamtazama Sista kama fundi seremala anavyoutazama mlango uliokaa sawasawa, bila kipande cha kuzibia.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sista hakuwa ameutangaza ukurasa wake popote, na nusu ya watu wa getini walikuwa nao.

Kesho yake Nakshi alimfuata mkuu wa mawasiliano. Hakumpigia hotuba. Alimwomba tu washuke pamoja hadi ghorofa ya chini, kwenye korido ya eksirei, ambako wagonjwa hungoja wamepanga foleni. "Fungua tovuti yetu, bosi. Kwa simu yako."

Bosi akafungua. Kiduara kikazunguka. Akatabasamu, akainua simu juu, akasogea kwenye mlango, akarudi. Dakika ya pili akafuta jasho.

"Nikutafutie kiti?" aliuliza bibi mmoja kwenye foleni, akijisogeza kwenye benchi.

Bosi akashukuru, akakataa. Wakapanda ngazi. Mlangoni kwake akasema, "Video iondoke. Lakini picha yangu na salamu zangu?"

"Zitapewa ukurasa wao wenyewe, bosi. Anayekutaka atakufuata huko."

Kwa wiki mbili Nakshi alipunguza, na kila alichokiondoa kilimuuma kidogo, maana alikumbuka siku alizokitengeneza. Kisha akampelekea Sista ukurasa mpya aukague. Sista akausoma kwenye ile simu ya mpira, mdomo ukicheza.

"Hii 'Karibu sana kwenye tovuti yetu' ni ya nini? Mtu hakuja kukaribishwa. Amekuja kuuliza."

Nakshi akaufuta mstari huo.

"Sasa umefunguka," Sista akasema. "Lakini hiyo ndiyo kazi rahisi. Njoo Ijumaa, nitakuwa na wagonjwa wengi. Unisaidie kuvipigia vituo simu."

Ijumaa saa moja asubuhi Nakshi alikaa kwenye stuli ya Sista na orodha ya vituo kumi na kimoja. Cha kwanza hawakupokea. Cha pili walimweka akisubiri mpaka sikio likapata moto. Cha tatu walimwambia wana nafasi kama nne hivi.

"Kama nne, au nne?" aliuliza, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo.

"Ngoja nikahesabu."

Akangoja, kalamu mkononi. Yule mtu akarudi akihema.

"Tatu, dada. Moja imeharibika."

Nakshi akaandika tatu.